Adhana ya Granada

Kama kuna mtu aliyeweza kumchosha Iddi hata akiwa ng'ambo ya bahari, ni baba yake. Serikali changa ya uhuru ilikuwa imempeleka Iddi Madrid kusoma Kihispania, ili nchi ipate watu wa kusema na mataifa ya huko, na vijana wenzake wa Munje walimwagiza saa na viatu. Baba yake, Mwalimu Mbwana, aliyesomesha chuo cha Kurani pale kijijini, hakutaka saa wala kiatu. Alimwagiza jambo moja tu: aende Granada, akasikilize adhana.

Mwalimu Mbwana alikuwa na Granada yake. Tangu Iddi hajaota ndevu, kila baada ya sala ya alasiri, mzee aliketi kwenye baraza ya msikiti akawasimulia watu jinsi Waislamu walivyotawala Andalusi, huko Uhispania, wakanyang'anywa hadi mji wao wa mwisho, Granada, lakini katika kasri lao juu ya kilima adhana haijakatika hata siku moja. Nani anaadhini? Hakusema. Ukimshikilia kwa maswali, alikutazama kana kwamba umekanyaga mkeka wa sala na viatu.

Basi likizo ilipofika, wenzake walikwenda kuogelea, naye Iddi akajibana kwenye garimoshi la kusini. Mambo yakamwendea kombo tangu stesheni. Kihispania alichofundishwa Madrid, kile cha kuuliza kalamu iko wapi, hapa hakikufaa kitu. Watu wa Granada walimeza nusu ya kila neno, na nusu iliyobaki wakaitema mbio. Aliuliza njia ya kasri, akapelekwa kanisani. Akauliza tena, akapelekwa kanisa jingine. Mtu wa tatu akamshika mkono kwa huruma, akamwingiza kwa kinyozi.

Alipofika kilimani hasira zilikuwa zimempanda hadi utosini, lakini kasri lilimnyamazisha. Kuta zilikuwa zimenakshiwa maneno ya kumsifu Mungu kutoka chini hadi darini, kwa herufi zile zile alizochapiwa bakora chuoni ili azijue, na wageni wenye kamera walizipita wakitafuta kivuli. Aliyekuwa akizisoma ni yeye peke yake. Aliona fahari, kisha uchungu, na hakujua afanye nini na kimojawapo.

Adhuhuri ikaingia. Akatega sikio. Zikalia kengele za makanisa, moja ikidakia nyingine, mji mzima. Akamwendea bawabu mzee aliyekaa mlangoni, akamuuliza kama kuna mtu yeyote anayeadhini humu, hata Ijumaa tu, hata kwa siri. Ilibidi aweke vidole masikioni amwoneshe. Bawabu alicheka mpaka akajifuta macho.

"Kijana," akasema, "hapa wanaopiga kelele ni watalii tu."

Iddi hakukubali kushindwa. Akakaa mpaka alasiri, akarudi kesho yake, akakaa mpaka wakafunga lango. Hapakuwa na adhana.

Masomo yalipokwisha, safari nzima ya kurudi aliwaza namna ya kumwambia mzee faraghani bila kumvunja moyo. Lakini faragha gani, Munje? Tangu alipoingia, nyumba ilijaa watu wa kumpa pole ya safari. Kila aliyekuja alitaka kahawa, na kila aliyeondoka alirudi na shemeji yake.

"Baba, lile jambo la Granada..."

"Utasema baada ya alasiri, mbele ya watu."

"Ingekuwa heri tuzungumze sisi wawili kwanza, baba."

"Nimesema mbele ya watu! Hicho Kihispania kimekuziba masikio?"

Baada ya sala, baraza ilifurika. Mbele kabisa aliketi Chirau, muuza papa mkavu wa Shimoni, ambaye miaka yote alimcheka Mwalimu kwamba Andalusi yake ni ya kutunga.

"Haya, Mwalimu," akasema Chirau, "leo shahidi yupo."

Mzee akasimama. "Mwanangu amekwenda kwa miguu yake. Iddi, waambie hawa. Adhana ipo au haipo?"

Iddi alimtazama baba yake. Hapo Munje alikwisha kuona watu wakiwabishia majirani, wakwe na hata chifu, lakini kumkanusha baba yako, naye ndiye mwalimu wako, mbele za watu? Jambo hilo hakupata kuliona. Tena Chirau alikuwa ameshaanza kutabasamu.

"Ipo, baba," akasema. "Niliisikia kwa masikio yangu."

Watu wakaleta takbiri. Chirau akainamisha uso. Mwalimu Mbwana aliketi, akaomba maji, na Iddi akadhani ni furaha.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, mzee akasimama ghafla njiani.

"Nani aliadhini?"

"Mtu... sikumwona vizuri."

"Wallahi?"

Hapo Iddi akashindwa. "Nisamehe, baba. Haipo. Ni kengele tu. Nilikustahi mbele ya Chirau."

"Nani alikutuma unistahi?" Sauti ya mzee ilikauka. "Miaka yote nasimulia nililosimuliwa na babu yangu, na miaka yote linanikera: ni kweli au ni uongo? Nikajaliwa mwana wa kwenda kuangalia. Nikataka useme mbele ya wote, hata ikiwa ni kuniaibisha, nisiendelee kuwadanganya waja wa Mungu. Nawe ukasimama msikitini ukanidanganya mimi!"

"Sasa nakwambia kweli, baba. Wallahi haipo. Kesho nitasimama niwaambie wote."

"Kesho watasema Chirau amekuhonga." Mzee akaanza kutembea. "Pale ipo, hapa haipo. Nimwamini Iddi yupi?"

Iddi alitaka kupiga ukelele. Angalikuwa na mtu wa kumlaumu, angalimlaumu, lakini kila alipotafuta alijikuta mwenyewe.

Kesho yake watu walijaa barazani kuliko jana, wasikie zaidi, maadamu sasa imethibitika. Mwalimu Mbwana alimaliza kusali, akavaa makubadhi yake, akapita katikati yao kuelekea nyumbani. Iddi akamkimbilia.

"Baba, watu wanakungoja."

"Nenda wewe," akasema mzee bila kugeuka. "Ndiwe uliyeisikia."