Televisheni Isiyo na Matangazo

Mshonaji alikuwa na masikio ya kazi. Mikono ilikuwa kwenye cherehani, macho kwenye pindo la nguo, lakini masikio yalikuwa upande wa pili wa ukuta, sebuleni, alikokaa mume wake na televisheni.

Mume huyo alikuwa ameendesha malori maisha yake yote, na hata kiharusi kilipompiga upande wa kulia, watu waliendelea kumwita Dereva. Mkono wa kulia ukalala, mguu wa kulia ukawa wa kuburutwa. Maneno nayo yakamkimbia, likabaki moja tu: "Ndiyo." Ukimuuliza kama anataka chai, ndiyo. Ukimuuliza kama anataka kutupwa kisimani, ndiyo vilevile. Kwa hiyo mkewe aliacha kumuuliza kwa mdomo, akawa anamsikiliza kwa rimoti.

Ilikuwa hivi. Dereva hakuwa na subira na matangazo ya biashara. Wakianza watu wa sabuni kuimba, yeye huyo anahama chaneli. Mkono wa kushoto ulikuwa mzima, na kidole gumba kilijua vitufe bila kuangalia. Basi Mshonaji, akiwa kule chumba cha mbele chenye mlango wa barabarani, akisikia sabuni inaimba halafu inakatwa katikati, alijua mzee yuko macho, yuko kwenye kiti, yuko salama. Sabuni ikiimba mpaka mwisho, anaacha kila kitu na kukimbia. Mara nyingi alimkuta amesinzia, akarudi kazini huku anajicheka. Ila siku moja alimkuta ameegemea upande, mate yanamtoka, pumzi za shida, na daktari akasema kwamba angechelewa kidogo tu wangekuwa wanazungumza mengine.

Habari hiyo ya sabuni hakumwambia mtu. Binti yao, keshia wa duka la rangi, alitaka baba akakae kwake ng'ambo ya mji, ghorofani, na msichana wa kumwangalia. Mama mtu akang'ang'ania mpaka sauti ikakauka. "Huyu ni mume wangu. Nitakaa naye chumba kimoja, sitamtoa machoni." Binti akakubali kwa sharti hilo. Lakini wateja wa Mshonaji ni wanawake, wanakuja kuvua na kupimwa, na nani atavua gauni mbele ya mume wa mtu? Cherehani likabaki mbele, mzee akabaki nyuma, na dishi la juu ya bati likawa ndilo linalomlinda.

Jumamosi moja binti akaja na kidude cheusi, kidogo kama kipande cha sabuni ya kuogea.

"Mama, haya mambo ya dishi yamepitwa na wakati. Mvua ikinyunyiza tu, picha inaganda. Na chaneli zote hizi ninazowalipia, mnatazama zipi?"

Mshonaji akababaika. "Zote."

"Zote! Hata ile ya wazungu wanaopamba keki?"

"Baba yako anaipenda sana."

"Baba, unapenda keki?"

"Ndiyo," akasema Dereva.

Binti akacheka, akainama nyuma ya televisheni na kuchomeka kidude chake. "Hii ni ya mtandao. Unachagua unachotaka, saa unayotaka. Na huku, Mama, hakuna matangazo. Hata moja. Kipindi kikiisha, kingine kinaanza chenyewe, hugusi kitu."

Mshonaji akakikodolea macho kile kidude. "Chenyewe?"

"Chenyewe kabisa. Mnaweza kukaa hapo kutwa nzima mmestarehe."

"Na mtu akilala?"

"Akilala kinaendelea. Kwani televisheni inamwonea wivu? Baba, tuondoe dishi tuweke hii?"

"Ndiyo."

"Haya, Mama, umesikia mwenyewe."

Alisikia. Alitaka kusema, lakini angesema nini? Kwamba anahitaji matangazo? Binti angeuliza kwa nini, na hilo kwa nini lingevuta lingine, mwisho wake ni mzee kupakiwa garini na mto wake. "Tujaribu kwanza, mwanangu. Usilikate dishi leo."

"Limelipiwa mpaka mwisho wa mwezi. Jumamosi ijayo nikija, nipe jibu. Mkiridhika, silipii tena."

Kabla hajaondoka, binti alimtafutia baba yake kitu cha kutazama. Akaandika neno malori. Kikatokea kipindi cha ajabu: mtu amefunga kamera kwenye kioo cha mbele cha lori lake, akaendesha tu. Hakuna maneno, hakuna muziki. Barabara inakuja, milima inakuja, daraja linakuja, injini inanguruma chini kwa chini.

Dereva aliachama. Akajivuta mbele kwenye kiti. Mkono wake wa kushoto uliiachia rimoti, ukanyanyuka taratibu, ukashika usukani ambao haukuwepo.

"Umeona?" binti akanong'ona, machozi yakimlengalenga. "Umeona, Mama?"

Mshonaji aliona. Moyo wake ulifurahi upande mmoja, upande wa pili ukaingia baridi.

Wiki hiyo ilikuwa ndefu. Asubuhi mpaka jioni ukutani ulipita mngurumo mmoja, hauna kichwa wala mkia. Hakuna wa kuimba, hakuna wa kukatwa. Mzee angeweza kuwa anacheka, angeweza kuwa anakata roho, mngurumo ni uleule. Mshonaji alishona mikono miwili ya kushoto kwenye blauzi moja. Alivunja sindano. Kila baada ya mishono michache aliinuka, akachungulia mlangoni, akamkuta Dereva ameketi wima kama bwana harusi, akarudi, akakaa, akashika nguo, akajiuliza: je, sasa hivi?

Msusi, jirani yake wa mlango wa pili, alikuwa ameleta kitambaa ashonewe gauni. Akamtazama weee, mwishowe akashindwa.

"Shoga, una nini? Unainuka, unakaa, unainuka. Una kuku anayeatamia huko ndani?"

"Namtazama mzee."

"Mzee anatoroka? Kwa mguu upi?"

"Cheka tu. Ukiwa na wako utajua."

"Wangu alitoroka kwa miguu yote miwili, tena akakimbia," Msusi akasema, na wote wawili wakacheka, lakini Mshonaji alicheka huku shingo imegeukia ukutani.

Katikati ya wiki uzalendo ukamshinda. Asubuhi alipomweka mzee kwenye kiti, alirudisha dishi, akampa rimoti ya zamani kiganjani. Sabuni ikaanza kuimba. Mshonaji akashusha pumzi. Dereva akaitazama rimoti, akamtazama mkewe, akaisukuma. Ikaanguka sakafuni, betri zikatawanyika.

"Hutaki?"

"Ndiyo," akasema Dereva, na macho yalikuwa makavu, makali, macho ya mtu aliyekuwa akiamrisha gari la magurudumu kumi na nane. Tangu augue hakuwahi kukataa kitu. Alikuwa akipelekwa tu, kama mzigo. Mshonaji akaokota betri moja moja, akamrudishia barabara yake, akatoka akiwa hajui alie au ashukuru.

Ijumaa Msusi alikuja kupimwa. Mshonaji alifunga mlango wa barabarani, akavuta pazia, akachukua tepu. Kifua, kiuno, nyonga. Katikati ya kazi akasimama.

"Nichungulie kidogo."

"Utaniacha mimi niliyevua hapa! Maliza, shoga. Si hilo lori lake linasikika linapiga mwendo?"

Ni kweli, lilisikika. Mshonaji akajikaza. Akasema moyoni, nimekuwa mwehu, mtu mzima kuogopa televisheni. Akamaliza kupima, Msusi akasubiri vilevile alivyovua ili ajaribishwe vipande. Akatandaza kitambaa mezani, akachora kwa chaki, akakata mgongo wote mpaka chini, na mkasi ulipotoka upande wa pili alihisi raha ya kazi iliyonyooka, raha ambayo hakuwa ameionja wiki nzima. Ndipo akaenda kuchungulia.

Kiti kilikuwa kitupu.

Dereva alikuwa chini, kati ya kiti na meza, ameulalia mkono mfu, shavu limebanwa kwenye sakafu. Juu ya jicho palikuwa pamevimba, pamepasuka kidogo. Macho yalikuwa wazi, yakiangalia televisheni kutoka kule chini, na kwenye televisheni lori lilikuwa linashuka mlima bila haraka, halina habari na mtu.

"Msusi! Njoo! Njoo ulivyo!"

Msusi alikuja amejifunga kitambaa cha watu, pini zinamchoma. Wakamwinua. Mshonaji alimpapasa kichwa, mbavu, nyonga, huku akiuliza: "Umeanguka lini? Sasa hivi? Kitambo?" na akijibiwa "ndiyo, ndiyo." Hilo ndilo lililomkata maini. Hakujua. Labda mzee alianguka wakati yeye anapima kiuno. Labda alianguka wakati yeye anafurahia mkasi. Sabuni ingemwambia.

Wakiwa bado wamemshikilia, barabara kwenye televisheni ikapinda kulia, kona kali ya mlimani. Dereva akalala nayo. Mwili wake wote ulielemea kulia, upande ule usio na nguvu, mkono wa kushoto ukizungusha usukani wa hewani, na wanawake wawili wakayumba naye nusura waangukie meza.

"Loh!" Msusi akasema. "Mume wako amekata kona!"

Sasa Mshonaji alijua ameangukaje, na alijua ataanguka tena, maana milima ilikuwa bado mingi.

Walipomfuta damu, Msusi akavaa nguo zake na kumvuta mwenzake pembeni. "Kesho binti anakuja, eti? Mwambie amejigonga mlangoni akienda chooni. Nani atabisha? Mwenyewe ukimuuliza atasema ndiyo."

Usiku ule Mshonaji aliukariri uongo huo mpaka ukamkaa vizuri mdomoni. Mlangoni. Akienda chooni. Mlangoni.

Binti aliingia, akaona uvimbe kabla hajaweka mkoba. "Mama! Hiki ni nini?"

Mshonaji akafungua kinywa. Mlango ulikuwa pale pale nyuma ya binti, tayari kusingiziwa.

"Ameanguka kwenye kiti," akasema. "Sikuwepo. Nilikuwa mbele, nakata nguo. Huwa sikai naye, mwanangu. Nakaa na cherehani. Nilikuwa namsikiliza kwa ukuta." Akayatoa yote: sabuni, kidole gumba, siku ile ya mate, na ukimya uliotoka kwenye mngurumo wa lori. Mikono yake ilikuwa inakunja na kukunjua aproni.

Binti alikaa chini polepole. "Muda wote huu? Unamlinda baba kwa sikio?"

"Kwa sikio."

"Ningeleta kidude hiki kama ningejua? Mama, umeniacha nimzibie baba mdomo!" Alikuwa na hasira, na chini ya hasira hofu. "Basi. Dishi linabaki, kidude nakichomoa. Au nimchukue leo. Chagua."

Mshonaji alimtazama mumewe. Kidude kilikuwa kimezimwa, na Dereva alikuwa amekaa jinsi alivyokuwa akikaa zamani, mabega yameshuka, gumba linapapasa paja kutafuta kitufe.

"Dishi liondoke," akasema.

"Nini? Si ndilo masikio yako?"

"Ni masikio yangu, si yake. Nilikuwa nasikia anahama chaneli, nasema mzee hajambo. Kumbe hajawahi kuwa hajambo. Alikuwa anatafuta pa kutokea, mwanangu. Kutwa nzima, mlango huu, mlango huu, na mimi naushukuru kila mlango anaoufunga." Akaelekeza kidole chumba cha mbele. "Cherehani litaingia humu. Wateja nitawapimia chumbani kwangu. Wasiotaka waende kwa mwingine."

"Na mlango wa barabarani? Wapita njia watakuonaje?"

"Wataniona wachache."

Binti akasimama, akaenda chumba cha mbele, akashika cherehani upande mmoja. "Nakuja kila Jumamosi. Na katikati ya wiki nitapita bila kubisha hodi. Nikimkuta na alama nyingine, Mama, namchukua, sitauliza mtu."

"Usiulize."

Jumatatu asubuhi chumba cha mbele kilikuwa kitupu, na sebule imejaa vipande vya gauni la Msusi. Mshonaji aliweka cherehani kulia kwa Dereva, karibu kabisa, bega kwa bega, kama utingo wa lori aliyebadili upande. Injini ikaanza kunguruma. Mzee akashika usukani. Mke akatia uzi, akaweka kola chini ya sindano, akakanyaga pedali, jicho moja kwenye kola, jingine barabarani.

Kona ya kwanza ilimjia ghafla. Aliachia pedali, akasukuma kiganja chini ya kwapa la mumewe, na uzito wote wa Dereva ukamlalia begani mpaka barabara ikanyooka. Akamrudisha katikati. Kola ilikuwa imepinda. Akaifumua, akaanza upya, akashona kidogo, akanyanyua macho. Mbele kulikuwa na ukungu, na barabara ilikuwa inaanza kupinda tena, na yeye, ambaye hajawahi kupita njia ile, hakujua inapindia wapi.