Kipoyi cha Mkubwa Protais

Katika uchaguzi wa Desemba 1959, sisi ambao hatukujua kusoma tulimnong'oneza karani jina, naye akatuandikia. Wachukuzi wote wa bandari ya Kalundu, kando ya ziwa, tulitaja jina moja: Bonaventure, kapita wetu, msimamizi wa kazi. Karani alikuwa shemeji yake Protais mwenye duka, mgombea mwingine. Akashinda Protais.

Tulijaa barabarani kutoka bandarini mpaka mtaa wa Rugenge, tukidai kura zetu. Askari wakampiga Bonaventure, wakamfunga. Ikatangazwa kwamba meli ya kesho itampeleka uhamishoni. Mzungu mtawala wa teritwari alisema, "Leteni ushahidi."

Ushahidi ulikuwa kinywani mwa Protais, na kiburi chake ndicho kilichotuletea. Asubuhi hiyo ya meli alitaka kubebwa kwa kipoyi, kiti cha fito cha kubebwa mabegani, hadi Rurambo, kama Wazungu, watu wa mlimani wamwone mkubwa wao mpya. Akaja kutafuta mabega. Kwetu!

"Panda, baba," akasema Donatien, mchukuzi mwenzetu. "Leo weye iko muzungu."

Akapanda. Tukainua fito, tukaanza kuimba. Lakini tulishika njia ya gereza, umati nyuma yetu.

"Njia si hii! Muniteremushe!"

"Mukubwa hakanyage vumbi," Donatien akamjibu. "Ni desturi."

Mbele ya gereza tulisimama juani. Bega likichoka, lingine liliingia. Mabega yalikuwa mamia. Tulimrusha na kumdaka kama maharagwe kwenye ungo. Kofia ikaanguka. Akatapika.

"Bado hajashiba!" Domitille, mke wa Bonaventure, akapaza sauti. "Mumuongeze!"

Tukamwongeza. Mzungu alipotoka kuuliza kelele hizo ni za nini, Protais alikuwa analia.

"Minye ndiye nilimutuma shemeji! Kila mutu akisema Bonaventure, yeye anaandika jina yangu!"

Mzungu alitazama umati, akatazama askari wake wachache, akaamuru mlango ufunguliwe. Bonaventure akatoka, jicho moja limevimba hadi kufunga.

"Kaka," Protais akamsihi, "waambie wanishushe."

Bonaventure alimwondoa Donatien kwenye ufito wa mbele, akaingiza bega lake mwenyewe.

"Mumemuchafua mukubwa," akatuambia. "Tumupeleke akaoge."

Tukageukia ziwani. Protais alipiga kelele kwamba hajui kuogelea. Bonaventure akaongeza mwendo.