Luka Kwenye Keria

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nje ya kibanda chake cha spea pale Tunduma, Bashiri alilijaza upepo zaidi gurudumu la nyuma la baiskeli ya Hezron kuliko ya wengine, kwa sababu Hezron hubeba mtu. Luka alikuwa ameshakaa kwenye keria, koti amelifunga vifungo vyote, maana baridi ya Agosti haina mdogo wala mkubwa. Huu ulikuwa mwaka wa tatu tangu wamzike.

"Umenenepa wewe," Bashiri alimtania huku akibonyeza tairi. "Huko mnakula nini?"

Luka alicheka tu. Wenzao Eliakim na Frida, ambao hawana subira, walikuwa wameshaondoka.

Kila Agosti marafiki hawa hufunga safari ya baiskeli, wanakwenda Igamba kwa Tabita, mama yake Luka, na kugeuza siku hiyo hiyo. Zamani Luka akiwa hai milima haikuwasumbua. Walidandia malori. Lori lililosheheni hupanda polepole mno. Unashika tela kwa mkono mmoja, linakuvuta huku unapiga soga. Sharti lilikuwa moja. Anayeshika ubavuni, mbele, ndiye anayeiona barabara, kwa hiyo wakikaribia kileleni yeye hupiga kelele, "Achia!" na wa nyuma huachia kabla lori halijaanza kuteremka.

Siku aliyokufa Luka, wa mbele alikuwa Hezron, na nyuma yake Luka peke yake. Hezron alikuwa amenuna. Toka asubuhi Luka alikuwa akimcheka kwa kuachwa na mchumba, tena mbele ya Frida. Basi kufika kileleni akaachia kimya kimya, akitaka mwenzake ashtuke kidogo, akome. Lori likaenda na Luka hadi kwenye kona.

Msibani Hezron alisema Luka aliitwa akakaidi. Ukweli alikuja kumwambia Bashiri peke yake, baada ya kumwapisha.

Sasa, kwenye mlima ule ule, Hezron alishuka akakokota baiskeli, jasho linamtoka. Mzigo wa Luka haukuwa mchezo.

"Leo mwambie mama," Bashiri alisema.

"Leo namwambia. Haki ya Mungu."

Luka alisikia yote. Akashuka kwenye keria, akaanza kusukuma kwa nyuma, kijana wa watu mwenye adabu zake.

Walifika Igamba saa saba mchana. Eliakim na Frida walikuwa wameshalala kwenye majani karibu na mibuni. Tabita aliitikia shikamoo zao, akamwagia kila mmoja maji ya kunawa, Luka naye, kisha akaleta ndizi na maharage.

"Wanangu, nisameheni kwa ajili ya huyu," alisema, kama anavyosema kila mwaka. "Wallahi sikumlea awe mkaidi. Mpaka kanisani naona haya."

Hezron aliumia moyo kwelikweli. Alijiona mtu mbaya, na wala hakukosea. Maneno ya kusema alikuwa nayo, alikuwa ameyafanyia mazoezi njiani tangu walipopita Vwawa.

"Mama," alianza.

"Hivi siku ile ulimwita mara ngapi, baba?"

Hezron aliitazama sahani yake.

"Mara tatu," alisema. Mwaka jana alikuwa amesema mbili.

Bashiri aliacha kula. Tabita akamgeukia mwanawe.

"Mara tatu! Unaitwa mara tatu umekaa tu na lori la watu! Simama, umwombe mwenzako msamaha."

Luka alisimama. Alijifuta vidole kwenye koti, akampa Hezron mkono.

"Nisamehe, ndugu yangu."

Mkono ulikuwa wa baridi, nao ulingoja. Wote walikuwa wanamtazama Hezron.

"Yameisha," alisema Hezron, na Tabita, kwa furaha, akamwongezea ndizi.