Yangeyange wa Nguzo ya Tatu

Kwa majira ishirini na mawili ya machipuko, mzee na mkewe waliihesabia hifadhi ndege wake, na katika miaka yote hiyo hawakugombana ndani ya kibanda hata mara moja. Ugomvi waliuacha nyumbani pamoja na vyombo vichafu. Kazi waliigawana tangu mwanzo: baba anashika darubini na kutaja, mama anashika daftari na kuandika. Ndege wale hukaa ufukweni wiki mbili tu, wakila wanenepe kabla ya kuruka kwenda kuzaa huko mbali. Asubuhi ya hesabu ni moja, na ikiharibika ndiyo basi mpaka mwaka ujao.

Safari hii mama hakuwepo. Walimzika wakati wa baridi. Aliyekaa upande wa daftari alikuwa binti yao, mfamasia, ambaye baba humwita Dokta anapotaka kumchokoza, na ambaye hakuwahi kukanyaga kibanda kile. Kila mwaka alikuwa na sababu yake. Sasa sababu zilikuwa zimemwishia, tena zimeisha kwa kuchelewa.

Na hata leo hakuja kwa mapenzi matupu. Juzi msimamizi wa hifadhi, mwanamke mmoja mwenye sauti ya upole, alimpigia simu. "Nasikia macho ya mzee hayako sawa. Fomu inataka sahihi mbili, yake na ya shahidi. Kaa naye, halafu uniambie ukweli. Kama haoni, nitamweka langoni, awe anawakaribisha wageni."

Langoni! Baba alikwisha kusema mbele ya ukoo mzima kwamba siku watakayomnyang'anya kibanda, waanze na kumchimbia shimo lake kabisa. Msiba mmoja kwa mwaka ulimtosha binti.

Saa kumi na mbili na robo walikuwa wameketi kwenye benchi, mbele ya dirisha jembamba la mbao. Maji yalikuwa yamekupwa, tope likimetameta, na nguzo chache za mbao zimesimama ndani yake. Baba alimkabidhi daftari lenye penseli iliyofungwa kwa uzi mwekundu. Mama alikuwa bingwa wa kupoteza kalamu, akaona bora aifunge.

"Sheria ni mbili," baba akasema. "Usiongee nikihesabu, na usinisahihishe."

"Hiyo ya pili ni ya hifadhi au ni ya kwako?"

"Andika, Dokta."

Akaanza. "Mnandi. Kumi, ishirini, thelathini na nne." Binti akawafuata kwa mtindo wake wa dukani, akiwatenga watano watano kama vidonge kwenye sinia. Thelathini na nne. "Shakwe, sitini na mmoja." Sawasawa. "Vitwitwi, mia na kumi." Hao ni wale wadogo wanaokimbia ukingoni mwa maji kama watu waliochelewa kazini. Binti akapata mia na nane. Akarudia, akapata mia na kumi, akaiandika kwa aibu.

Moyo ukaanza kumtulia. Watu na midomo yao! Mzee huyu anaona kuliko wanaomsema.

"Yangeyange," baba akasema, na sauti yake ikalainika. "Weupe sita pale kwenye majani. Na yule wangu juu ya nguzo ya tatu. Saba."

Binti akatazama nguzo ya tatu. Juu yake palikuwa na ndoo. Ndoo nyeupe ya plastiki, imepinduliwa, ya kuwaonya watu kwamba hapo tope ni refu. Akafikicha macho. Ndoo ikabaki kuwa ndoo.

"Yule hana papara," baba aliendelea, akitabasamu chini ya darubini. "Wenzake wanarukaruka, yeye kila mwaka yupo palepale, katulia. Ndege mwenye adabu zake."

Kila mwaka. Binti akafunua kurasa za nyuma. Mwaka jana, kwa mwandiko mdogo wa mama: Yangeyange 9, toa 1, 8. Mwaka juzi: 5, toa 1, 4. Na miwili ya kabla yake vivyo hivyo. Miaka minne mama alikuwa anatoa mmoja kimyakimya, na hesabu inakwenda ofisini safi. Hakumdanganya mtu, wala hakumvunja moyo yule aliyekaa naye bega kwa bega. Kicheko na machozi vilimjia binti kwa pamoja. Alitamani kumkumbatia mama yake, na alijichukia kwa asubuhi zote alizolala.

Naye angeweza kufanya vilevile: saba, toa moja, sahihi, waende zao nyumbani wakanywe chai. Lakini mama hakuwahi kuulizwa na mtu. Yeye ameulizwa.

"Unatafuta nini huko nyuma?" baba akauliza. "Mama yako alikuwa anaandika tu, hafunuifunui."

"Naangalia mwandiko wake."

"Mwandiko gani unakutoa pumzi hivyo?"

Binti akapiga moyo konde. "Baba, yule wa nguzo ya tatu ni ndoo."

Baba akashusha darubini. Akaifuta vioo kwa ncha ya shati, akaipandisha tena, akakaa nayo muda mrefu. Nje shakwe wawili walikuwa wanazozania kaa mmoja.

"Ina mkono wa kushikia?"

"Inao."

"Tangu lini?"

"Miaka minne. Mama aliandika humu. Kila mwaka alikuwa anatoa mmoja."

Mabega ya mzee yakaanza kutikisika. Binti alidhani analia, na kweli alikuwa analia, ila alikuwa anacheka pia. "Kumbe! Nikimtaja tu yule ndege, mama yako ananishika goti. Mimi nikadhani na yeye anampenda."

Binti akanyoosha mkono. Akamshika goti.

Baba akajifuta uso. "Kinachotembea hakinipiti," akasema. "Kinachotulia ndicho kinachonidanganya." Akaivua darubini shingoni na kumvisha binti yake. "Hesabu wewe. Majina nitakutajia mimi, maana hujui sululu wala nini. Haya, huyo anayepiga filimbi nyuma yetu ndiye sululu. Wawili."

Binti akageuka. Walikuwa wawili kweli, midomo yao mirefu imepinda.

Walipomaliza, alimpigia msimamizi simu palepale, baba akisikia. "Macho yamechoka, siwezi kukuficha. Masikio ni mazima, na kichwa pia. Kuanzia leo ninayehesabu ni mimi, anayenifundisha ni yeye. Atakaa kibandani, siyo langoni."

Msimamizi akaguna kwa upole. "Sahihi bado ni mbili," akasema. "Leteni fomu."

Baba alikuwa ameinamia daftari kana kwamba analisoma. "Yangeyange umeandika wangapi?"

"Sita."

"Na ndoo?"

"Baba, ndoo siyo ndege."

"Najua siyo ndege, si umeniambia! Mama yako ameitoa miaka minne bila kunishirikisha. Leo irudishe. Iandike chini, peke yake."

Binti akaandika: Ndoo, 1. Kwenye fomu iliyobanwa nyuma ya daftari baba akatia sahihi, ikaupanda mstari kidogo, na binti akatia ya kwake pale ilipokuwa ikikaa ya mama.