Kiapo cha Ottilie

Hapa Falkenrode, kijinchi chetu cha Kijerumani, ukitaka kumtukana mwanamke, humwiti malaya. Unamwita Ottilie. Ottilie alikuwa mdogo wangu, tumbo moja, na wote waliohusika wameshazikwa, kwa hiyo leo mniache niseme.

Sisi ni watoto wa mwoka mikate. Mtawala wetu Ludolf alipofiwa na mkewe, alimpenda Ottilie akamwoa kanisani, lakini kwa mkono wa kushoto, kama watawala wanavyowaoa wanawake wa aina yetu. Mbele ya Mungu ni mke halali. Jina la ukoo hapati, kiti hapati, na mtoto wake vivyo hivyo. Mtoto alikuja, Anselm. Ndugu yake Eberhard, wa yule mke wa kwanza, alikula kando ya baba yao. Anselm alikula na watunza farasi.

"Mama, mimi si mtoto wa baba?"

"Wake."

"Basi mbona ninanuka mavi ya farasi?"

Ottilie alimlilia Ludolf miaka na miaka ampe mtoto jina. Jibu lilikuwa lile lile: haiwezekani.

Ukaja mwaka ambao Kaizari wa Wafaransa alikuwa anakusanya watu wa kwenda Urusi. Kila mtawala atoe askari, na mwana wa nyumba yake awaongoze. Ludolf akaja mwenyewe jikoni kwangu, siku Ottilie alipokuja kunisaidia kukanda mikate, akakaa juu ya sanduku la unga.

"Ottilie, imewezekana. Anselm atakuwa mwanangu kamili. Jina, upanga, kila kitu. Jumapili utaapa kanisani kwamba ni damu yangu, ndiyo sheria ya nyumba yetu."

Mdogo wangu akaacha kukanda. "Na askari wataongozwa na nani?"

"Mwana wa nyumba."

"Yupi, Ludolf?"

Akatazama viatu vyake. Nilitamani kummwagia maji ya moto, mtawala au si mtawala.

Anselm aliposikia alichukua mwiko wangu akaanza kupiga saluti jikoni kote. "Mama mkubwa, niangalie!"

"Ebo! Weka mwiko chini, jenerali wa supu."

Alicheka sana. Mama yake hakucheka. Alimshika mikono akamsihi asikubali, akamwambia kule watu hawarudi. Kijana akajitoa mikononi mwake. "Heri nife nina jina, mama. Wewe umezoea kuishi bila jina, mimi sijazoea." Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na siku hiyo niliuona usoni mwake.

Jumapili kanisa lilifurika. Mchungaji Tilemann akafungua Biblia. "Ottilie, unaapa kwamba Anselm ni mwana wa Mtawala Ludolf?"

Akaweka mkono juu ya Kitabu. "Si wake."

"Unasemaje?"

"Si wake. Ni wa askari mmoja aliyepita njia. Jina sikumwuliza."

Lo! Mwanamke ambaye hajawahi hata kumkonyeza mwanamume mwingine! Na Anselm amesimama pale na kidevu kilichogawanyika katikati, cha Ludolf mtupu. Watu wote wakamgeukia Mtawala. Alichotakiwa kusema ni kwamba mwanamke huyu anaongopa, na angeaminiwa. Akasimama. Akamtazama mkewe, naye akamtazama bila kuinamisha macho.

"Nimesikia," akasema. Kisha, kwa sauti ndogo, "Eberhard mwanangu, jiandae."

Ottilie alifukuzwa siku hiyo hiyo, akarudi kwangu. Wanawake walikataa mkate uliokandwa na mikono yake, ikabidi nikande mimi. Anselm alitaka kujiunga na jeshi hivyo hivyo, kikosi kikamkataa. Mwana wa haramu huleta nuksi, walisema. Alikuja mlangoni mara moja tu. "Bora ungeniua," akamwambia mama yake, akaenda kufanya kazi kwenye kinu ng'ambo ya mto.

Waliokwenda Urusi walirudi wachache, kwa magongo, barafu imewala vidole na nyayo. Eberhard hakurudi. Ludolf hakuishi sana baada ya hapo, na nchi ikaenda kwa binamu.

Vita vilipokwisha nikamtolea uvivu mdogo wangu. "Mwambie sasa! Unaogopa nini?"

"Nimwambie nini, dada? Kwamba ndugu yake alikufa mahali pake? Abebe na hilo? Wacha anichukie. Chuki haiui."

Kila Jumamosi Anselm alipita mbele ya dirisha letu na magunia begani, akielekea sokoni, wala hakugeuza shingo. Hata majira ya baridi yale ya mwisho, Ottilie akiwa hajiwezi kitandani, alinitaka nimsogeze dirishani. Kijana akapita. Nikashindwa kuvumilia, nikafungua dirisha nimpigie kelele arudi, amwone mama yake anayekufa.

Ottilie akanishika aproni. Alikuwa analia na kutabasamu kwa pamoja.

"Mwache. Hebu mtazame anavyotembea, dada. Miguu yote miwili."