Jua Lililoliwa Upande wa Magharibi

Mikono hii imepokea watoto mia tatu na ushei, na wengi wao sasa wana ndevu. Lakini nikiulizwa ni yupi ninayemshukuru Mungu kwa ajili yake kuliko wote, sisiti: ni yule wa Unnichira, aliyezaliwa jua likiwa limepatwa.

Wakati ule nilikuwa mkunga wa pekee upande wetu wa mto Nila. Kazi niliirithi kwa mama, na pamoja na kazi nikarithi miiko yake. Mkubwa kuliko yote ulikuwa huu: nyoka Rahu akilimeza jua, mkunga asitoke nje, asishike kisu, asimguse mzazi. Akithubutu mkono utamkauka, na mtoto atazaliwa mdomo umepasuka. Mama aliushika mwiko huo, nami nikaushika. Miaka kumi kabla ya huyo wa Unnichira, jua lilipopatwa, mfuma vikapu mmoja aliugonga mlango wangu mpaka ngumi zikamchubuka, mkewe yumo katika uchungu. Sikufungua. Jua lilipoachiliwa nilikwenda mbio, nikakuta wanawake wanamfunika mama yule nguo usoni. Hakuna aliyenilaumu. Wote walisema nimefanya sawasawa, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Basi asubuhi ile ya Unnichira, mwezi wa Medam, nilikuwa nimekwisha kumwaga maji ya mtungi, nimeweka majani ya mrehani juu ya wali usije ukanajisika, nimejifungia ndani. Tulijua sote kwamba jua litapatwa kabla ya adhuhuri, maana Kandan Panikkar alikuwa ametangaza tangu mwezi uliopita. Huyu ndiye aliyekuwa mpiga hesabu za nyota wetu. Alikaa barazani kwake akipanga kauri sakafuni safu kwa safu, huku akiimba polepole beti za kale zilizofichwa tarakimu ndani yake. Macho yake yalikuwa yamekufa zamani. Tangu ujana alikuwa akilitazama kila jua linalopatwa ili aone kama hesabu za wazee zingali sawa, na jua likamlipa hivyo.

Nikasikia fimbo mlangoni.

"We Chirutha! Fungua."

"Nani anayetembea siku kama ya leo?"

"Kipofu. Wenye macho wote wamejificha."

Nikafungua upenyo. Alikuwa peke yake, matope hadi magotini. Amekuja juu ya tuta la mashamba ya mpunga akihesabu hatua, na inaonekana mahali fulani hesabu ilimponyoka.

"Binti yangu Unnichira ameshikwa na uchungu tangu alfajiri," akasema, na sauti yake haikuwa tena ya utani. "Dada yake anasema umetangulia mguu."

Mguu ukitangulia, hakuna kungoja.

"Baba Panikkar, si wewe mwenyewe uliyetutangazia? Nyoka yuko njiani."

"Mimi nilitangaza jua kupatwa. Nyoka sikumtaja."

"Mambo ya nyoka kila mtu anayajua!"

"Haya. Mwaka jana mwezi ulipopatwa, watu ndio wametoka kula chakula cha jioni, uliutazama?"

"Niliutazama."

"Ulianza kuliwa upande gani?"

Nikakumbuka. Mwezi ulikuwa ndio kwanza umepanda, na weusi ulianzia chini, upande wa milimani. "Mashariki," nikasema.

"Na leo jua litaanza kuliwa magharibi. Ndivyo ilivyo siku zote: mwezi mashariki, jua magharibi. Sasa niambie, ni nyoka gani huyo mwenye adabu hivyo, asiyesahau hata mara moja aanzie kula wapi?"

Akaendelea harakaharaka, kama mtu anayemwaga mzigo. "Mwezi ndio wenye mbio. Kila siku unasogea mashariki katikati ya nyota, mpaka unalifikia jua kutoka nyuma, upande wa magharibi, unaliziba tusilione. Na mwezi wenyewe ukipatwa, umeingia katika kivuli cha dunia hii tunayoikanyaga, nao hutanguliza uso wake wa mashariki. Kivuli, binti yangu. Yote mawili ni kivuli."

"Mwezi huandama kila mwezi," nikambana. "Mbona jua halizibwi kila mara?"

Uso wake ukang'aa, pamoja na shida aliyokuwa nayo. "Kumbe una akili na unaificha! Njia zao hazilingani. Zinakatana mahali pawili tu, na mwezi ukilifikia jua karibu na hapo, ndipo linapozibwa. Sisi wapiga hesabu hapo ndipo tunapopaita Rahu. Ni mahali, Chirutha. Si mnyama."

"Maneno matamu, baba. Lakini mkono utakaokauka ni wangu."

"Haki yako. Basi usiniamini mimi. Lete beseni la maji, ukoroge humo samadi kidogo ya ng'ombe yapunguze mng'aro, ulitazame jua humo ndani. Juu usitazame, utabaki kama mimi. Ukiona linaliwa upande wa mashariki, rudi ndani ufunge, nami sitagonga tena."

Niliweka beseni uani. Jua likakaa ndani ya maji yale, duara, zima, rangi ya shaba. Yeye akasimama nyuma yangu.

"Tayari?"

"Bado."

Tukangoja. Akauliza tena, nikajibu bado. Jasho likawa linamtiririka shingoni. "Kivuli chako kina urefu wa nyayo ngapi?" akauliza, apate kujua wakati. Nikapima, nikamwambia. Akapiga hesabu, midomo ikichezacheza.

"Nimekosea," akasema kwa sauti ya chini. "Lilipaswa liwe limeanza."

Haki ya Mungu nilitaka kumhurumia na kumfukuza kwa pamoja. Nami mwenyewe nilikuwa nimekwisha kushika ubao wa mlango. Kisha nikarudi kuliinamia beseni mara ya mwisho, nikaona ukingo wa jua umemenyeka, kidogo tu, kama chapati iliyong'atwa na mtoto. Upande wa kwangu, nami nimeelekea mashariki. Magharibi.

Nilichukua kisu, uzi na mafuta, nikakimbia. Nikiwa juu ya tuta nikamsikia akipaaza sauti, "Upande gani?" nami nikamjibu bila kugeuka, "Magharibi, baba!"

Nyumba ya Unnichira ilikuwa imefungwa madirisha yote. Niliyafungua. Dada yake alipiga yowe, nikamwambia kama anataka kupiga mayowe akapige nje, na kama anataka kusaidia ashike taa. Mwanga wa mchana ukawa mwembamba, wa ajabu, kunguru wakarudi kwenye minazi kulala. Mikono yangu ikamgusa mtoto. Hapo ikakumbuka kazi yake. Niliutafuta mguu wa pili, nikaushusha, nikangoja uchungu mwingine uje, nikageuza mabega taratibu. Kichwa kilikawia. Nilimwomba Mungu na nikamkaripia Unnichira kwa pumzi moja. Kikatoka. Mtoto alikuwa wa buluu, kimya, nikamsugua, nikampuliza, na katika kiza kile cha mchana akalia. Msichana. Mdomo mzima, kama ua.

Nikakikata kitovu kwa kisu, jua likiwa bado limeliwa nusu.

Nilipotoka nilimkuta Kandan ameketi uani, uso ameuelekeza juu, joto likimrudia mashavuni taratibu. Nilimweka mjukuu mikononi mwake. Alimpapasa kichwa, vidole, midomo. Akalia bila aibu.

"Wewe na mikono yako," akasema. "Nitakushukuru vipi?"

"Usinishukuru mimi. Mimi nilikuwa nimefunga mlango."

"Basi tuwashukuru waliohesabu kabla yetu. Wengine walikufa miaka elfu nyuma, na majina yao hatuyajui." Kisha akainamisha kichwa. "Ila jua lilichelewa nusu nazhika, au hesabu yangu iliwahi. Zile nyayo ulizopima, unazikumbuka? Nitairekebisha hesabu. Atakayekuja asikosee kama mimi."

Nusu nazhika! Mtu katika siku nzima, usiku na mchana, ana nazhika sitini, na yeye anahuzunikia nusu. Nilimtajia kipimo, akakirudia mara tatu ili asisahau.

Kuanzia siku hiyo sikujifungia tena. Wako walioniita mchafu, wakasema mkono utakauka tu, ni suala la muda. Nimezalisha wanne wengine chini ya jua lililopatwa, na wawili chini ya mwezi. Kwa mfuma vikapu nilikwenda siku moja, nikamwambia kwamba siku ile ningaliweza kuja. Aliweka chini kikapu alichokuwa akifuma, akaniandalia mahali pa kukaa.

Kandan alifariki mvua za mwaka wa saba tangu siku ile. Kila inapofika siku aliyofariki mimi hupika wali wa maziwa na sukari guru, nikaupeleka kwa Unnichira, na tunakula pamoja.