Hita ya Nyuma

Mama alikuwa amelazwa hospitali ya Igogwe. Daktari akasema mpelekeni nyumbani, nami nikaelewa. Dada yangu Felista alilia pale pale mlangoni. Mimi niliuliza gari tutapata wapi.

Mama alikuwa na neno moja: asifie hapo. Afike Kyimo, aingie kwake macho yakiwa wazi.

"Halafu, Ackson," akaniambia, "nasikia baridi. Iko mifupani."

Gari lilikuwepo la Naseeb, muuza vitenge wa mtaa wa Bagamoyo, hapa Tukuyu mjini. Tangu biashara iwe ruksa, watu walileta magari ya mtumba kutoka Japani, naye akaleta basi dogo. Lilipanda vilima vyetu miezi michache, likagoma. Injini inanguruma, gari haliendi, maji yanavuja chini. Akaliacha nyuma ya duka, kuku wakalala humo.

"Ukiliamsha, mchukue mama yako," alisema. "Sikudai, hunidai."

Nilileta jeki na spana. Jotham, fundi mwenzangu, akaja kunicheka.

"Wewe wa malori, hilo halina klachi. Mguu wa kushoto utauweka wapi?"

"Kwenye matako yako."

Akaingia chini ya gari pamoja nami.

Oili ya giaboksi ilitoka nyeusi, inanuka kuungua. Mtu alikuwa ameongeza oili ya injini. Gia za otomatiki hazitaki hiyo, zina oili yake nyekundu, nyepesi. Makopo yake yalikuwa chini ya kiti, yalikuja na gari. Naseeb alidhani ni dawa ya kung'arisha bodi.

Niliosha chujio, nikajaza, nikawasha, nikapitisha gia zote, nikamwaga tena, maana mara ya kwanza haitoki yote. Nikajaza upya. Gari likasogea lenyewe kama ng'ombe aliyefunguliwa kamba. Sikufurahi. Niliona tu linasogea.

Yakabaki maji. Bomba mbili za kupeleka maji ya moto kwenye hita ya nyuma zilikuwa zimeoza kwa kutu.

"Ziba," Jotham akasema. "Mafundi wote wanaziba. Maji yazunguke mbele tu, uondoke sasa hivi."

Kweli, kuziba ni kazi ya sigara moja. Kuweka bomba mpya ni kutwa nzima, na Felista alikuwa ametuma mtu kusema mama hanywi tena uji.

"Naweka mpya," nikasema.

"Ackson. Utampelekea joto maiti."

"Kama anakufa leo, atakufa. Kama hafi, asisikie baridi."

Jotham akaenda kutafuta bomba za maji za nusu inchi. Tulizikunja kwa moto, tukaunga ncha kwa mipira ya lori bovu. Mvua ilitupiga miguu iliyobaki nje. Tulipomaliza niliweka mkono kwenye hita, ikapuliza moto. Nikanawa, nikaenda.

Mama alikuwa hai. Tulimlaza kiti cha nyuma, Felista akakishika kichwa chake. Kilima cha kwanza gari lilipanda bila kusita. Nilikuwa natazama kipimo cha moto wa injini, si barabara.

"Ackson," mama akaita. "Joto hili la nini?"

"Ulisema baridi, mama."

"Wataniivisha kama ndizi hawa. Fungueni dirisha."

"Mvua, mama," Felista akasema.

"Nimesema fungueni. Nataka kunusa."

Felista akafungua. Ikaingia harufu ya udongo na majani ya migomba yaliyooza. Mama alivuta pumzi, akavuta tena. Mimi sikuzima hita. Ilipuliza nyuma, upepo ukapita dirishani, tukaenda hivyo hivyo hadi Kyimo.

Tulimbeba hadi ndani, tukamweka karibu na mafiga. Macho yalikuwa wazi. Aliitazama dari yenye masizi muda mrefu.

"Ndaga," akasema, akishukuru kwa Kinyakyusa. Kisha akanigeukia, nikiwa nimesimama tu na mikono ambayo bado ilikuwa na oili. "Umesimamia nini? Karudishe gari la watu."

Nikarudisha. Dirisha lilikuwa bado wazi, na hita ilipuliza kiti kitupu hadi mjini.